Majibu yanasema "hakuna tatizo" na mtu bado anaumwa: magonjwa adimu na picha za hospitali (uzi mrefu)

Mzee wa Mionzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kupiga picha, na si za harusi. Eksirei, CT (mashine ya mionzi inayopiga mwili vipande vipande), MRI (mashine ya sumaku). Nimezunguka hospitali za Dar, za serikali na za watu binafsi, na sitaitaja hata moja, kwa hiyo msije PM kuniuliza ni wapi. Humu ndani kila mara unaibuka uzi wa mtu aliyepima kila kitu, akiba imekwisha, karatasi ya majibu inasema "hakuna tatizo" na yeye usiku halali. Wachangiaji wanagawanyika: nusu wanasema mashine za Bongo ni mitumba, nusu wanamwelekeza kwa mganga Bagamoyo. Ngoja niwape ya nyuma ya kioo chenye madini ya risasi, kile kinachotukinga na mionzi, hasa pale ugonjwa unapokuwa ule ambao daktari anaweza kustaafu bila kuuona.

Kila picha inaanza na karatasi. Fomu ya kuombea kipimo ina kisanduku cha historia ya mgonjwa. Mara nyingi fomu inanifikia imekunjwa mara nne, imetoka kwenye pindo la kanga, na kwenye kile kisanduku kuna neno moja: "maumivu". Ya wapi hasa, tangu lini, mgonjwa kakulia mkoa gani, anafanya kazi gani, alishapasuliwa au la, hakuna. Ni kama kumpigia fundi simu, ukamwambia "gari bovu", ukakata.

Watu wanaona hilo ni dogo kwa sababu wanaamini mashine inaona kila kitu. Mashine inaona ilichopangiwa kuona. CT ya tumbo inaweza kupigwa bila dawa ya kontrasti (ile inayochomwa ili viungo vionekane wazi), au na dawa, na ikiwa na dawa kuna sekunde za kusubiri: ukiwahi unaona mishipa ya damu, ukichelewa kidogo unaona ini vizuri, ukichelewa sana dawa imeshafika kwenye njia ya mkojo. Vipande vinaweza kukatwa vinene au vyembamba. Fomu ikisema "maumivu" tu, unapangwa kwa utaratibu wa watu wote. Fomu ikisema "presha inapanda ghafla, jasho jingi, moyo unakwenda mbio, halafu inatulia yenyewe", mpango unabadilika, na macho ya msomaji yanakwenda moja kwa moja kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, kwa sababu kuna uvimbe adimu wa hapo unaomwaga homoni kwa vipindi. Mgonjwa ni yuleyule na mashine ni ileile.

Na hata kitu kikiwa kipo wazi kwenye picha, jicho linaweza kukipita. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio moja tamu sana. Waliwapa madaktari wa radiolojia 24 picha za CT za mapafu, wakawaambia watafute vinundu vya saratani. Kwenye vipande vya mwisho wakabandika picha ya sokwe, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona. Mashine ya kufuatilia macho ilionyesha wengi wao walimtazama palepale alipo. Hawa ni mabingwa, wamesoma miaka. Walikuwa wanatafuta vinundu, na sokwe hakuwa kwenye swali.

Ugonjwa adimu ndiyo huyo sokwe. Naendelea chini, msikate uzi.

---

Kibonge wa Temeke

Nimevuta kigoda, naweka kambi hapa.

---

Hoja Tupu

Mkuu, mimi nakupinga mapema. Hizi ni njia za watu kupiga hela. Unaenda na mafua unaandikiwa CT. Sasa leo unatuambia tukipiga na haijaonyesha, kosa ni la fomu, turudi tena kupiga. Wajanja nyie.

---

Mzee wa Mionzi

Hoja Tupu, tupo pamoja kuliko unavyodhani. Hoja yangu inapunguza vipimo. Mtu mwenye historia iliyoandikwa vizuri mara nyingi hahitaji mashine kubwa kabisa. Nikupe mfano wa eksirei ya kawaida, ile ya bei nafuu kuliko zote, na ndio mfano ninaoupenda.

Chukulia mzee wa miaka 70 amekuja Dar kwa mwanawe, Kimara huko. Mgongo umekakamaa, hageuki, viungo vinauma. Anapigwa eksirei ya kiuno na nyonga. Picha inatoka mifupa nyeupe pee, uti wa mgongo wote, nyonga yote. Kwa mwanamume wa umri huo, mifupa kuwa nyeupe namna hiyo kunamfanya msomaji yeyote awaze saratani ya tezi dume iliyosambaa. Ni wazo la haki kabisa, ndilo linalotokea zaidi, na lazima lifuatiliwe kwa kipimo cha damu cha tezi dume na mengineyo. Ripoti inaandikwa hivyo. Nyumbani watu wanaanza kulia.

Sasa turudi kwenye kisanduku. Mzee katokea wapi? Arumeru, amezaliwa na kukulia maeneo ya Ngarenanyuki. Fungua mdomo mzee: meno yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Mtu wa Arusha akisoma hapa ameshajua ninakokwenda. Maji ya kule yanapita kwenye miamba ya volkano ya Meru na yanabeba madini ya floridi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Kuna visima na vijito kule vinavyopita hapo kwa mbali, na ukijumlisha magadi ya kulainishia maharage na makande, nayo yana floridi yake, mtu anaijaza kwenye mifupa miaka na miaka. Mfupa unakuwa mzito, mweupe kwenye picha, na kano zinazoushikilia zinaanza kugeuka mfupa.

Utautofautishaje na saratani? Piga eksirei ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja. Pale kuna mifupa miwili, na katikati yake kuna utando mwembamba unaoiunganisha. Kwa mtu wa kawaida utando huo hauonekani kwenye picha. Kwa mtu wa floridi unaota chokaa, unaona ukingo wa mfupa umechongoka vijiba vijiba kuelekea mfupa wa pili. Saratani ya tezi dume haina tabia hiyo. Kipimo cha damu cha tezi dume bado kitafanywa, hakuna wa kubahatisha hapo, lakini swali limebadilika kabisa, na limebadilishwa na eksirei ya mkono pamoja na jina la kijiji.

Kwa daktari wa Arusha huo ugonjwa si adimu hata kidogo. Kwa daktari aliyesoma na kufanya kazi Pwani tu, anaweza kuwa hajawahi kuuona kwa macho. Uadimu mwingine ni wa jiografia. Dar ni mji wa wageni: kila mtu kaja na maji ya kwao, mifugo ya kwao na wadudu wa kwao, na hospitali zetu zinampokea kama vile kazaliwa Kariakoo.

---

Binti Nassari

Mimi ni wa Maji ya Chai kabisa na meno yangu yanasema yote. Hapa mjini watu huniuliza kama navuta sigara. Asante kwa kutuwakilisha.

---

Dokta Mstaafu Kijijini

Mleta uzi anasema kweli. Naongeza moja kutoka upande wetu wa wodini.

Kijana wa Kimasai, mlinzi kwenye geti la mtu Mikocheni. Tumbo limevimba upande wa kulia, hana homa, hajakonda sana. Ultrasaundi inaonyesha kifuko kikubwa cha maji kwenye ini. Daktari kijana mwenye haraka atasema hili ni jipu au uvimbe wa maji wa kawaida, lete sindano tunyonye. Simama hapo hapo! Huyu amekulia na mbuzi, kondoo na mbwa. Kuna minyoo midogo sana ya mbwa ambayo mayai yake yakimezwa na binadamu hujenga vifuko kwenye ini au mapafu, na vinakua polepole kwa miaka bila kelele. Kule Turkana nchini Kenya na kwa wafugaji wa Kaskazini mwa Tanzania ugonjwa huu unajulikana. Ukichoma sindano kienyeji maji yakavuja tumboni, mgonjwa anaweza kupata mzio mkali wa kuua palepale, na akipona mbegu zinaweza kuwa zimesambaa tumbo zima.

Ultrasaundi yenyewe inakuonya ukiijua lugha yake. Ukuta wa kifuko una mistari miwili. Au ndani ya kifuko kikubwa kuna vifuko vidogo vimejipanga. Au utando wa ndani umeachia na unaelea kwenye maji kama yungiyungi. Shirika la Afya Duniani wameviweka kwenye madaraja, kuanzia CE1 mpaka CE5, na daraja ndilo linaloamua: dawa, sindano ya kitaalamu chini ya kinga ya dawa, upasuaji, au kuacha na kuangalia. Kile cha CE5 kimeshakufa na kukauka, mwache mtu akalinde geti lake.

---

Hoja Tupu

Haya, kwa hilo nimekaa chini. Lakini sasa kwa nini tusipige MRI mwili mzima mara moja tukamaliza? Haina mionzi mnasema wenyewe. Mwenye hela apime yote, kitu kitajitokeza.

---

Mzee wa Mionzi

Kitajitokeza, na hilo ndilo tatizo. Kuna uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015 uliokusanya picha za mgongo za watu wasio na maumivu yoyote. Wenye miaka 20 tu, asilimia 37 pingili zao zilionyesha kuchakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Hawa hawaumwi! Sasa mpige mwili mzima mtu mwenye wasiwasi, utamkuta na pingili iliyotokeza, kifuko cha maji kwenye figo, kinundu kwenye tezi ya shingo, na kila kimoja kitadai kipimo kingine cha kukifuatilia. Nimeona watu wanaingia wakiwa na swali moja wanatoka na manne, na lile la kwanza halijajibiwa.

Halafu MRI ya mwili mzima inapita kwa haraka, haikai mahali. Ukitaka kuona kitu kidogo kwenye mshipa wa sikio, lazima tukae kwenye sikio, vipande vyembamba, na wewe utulie humo ndani kwenye kelele bila kukohoa.

Kwa wasiojua tofauti, kwa kifupi. Eksirei na CT zinatumia mionzi. Eksirei ya kifua ni kama milisivati (kipimo cha mionzi) 0.1 au chini ya hapo, CT ya tumbo inaweza kufika 8 hadi 10, na mwanadamu hupokea wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini na angani bila kupimwa chochote. Ultrasaundi na MRI hazina mionzi. Mashine za mionzi nchini zinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu. Kwenye MRI hofu yetu ni chuma: betri ya moyo, kipande cha risasi mwilini, vumbi la chuma kwenye jicho la fundi wa kuchomelea. Mafundi wa mtaa wa Gerezani, mkiulizwa kuhusu macho semeni ukweli.

---

Mama Ibra

Wakuu samahani naingilia. Mimi mwanangu alimeza shilingi mia, akapigwa eksirei, daktari akasema ni sarafu iko kwenye koo la chakula, si la hewa. Alijuaje na picha ni ya bapa?

---

Mzee wa Mionzi

Dada, swali zuri sana hilo. Njia ya chakula imelala bapa, upana wake ni kulia kwenda kushoto, kwa hiyo sarafu ikikwama huko inakaa imekutazama na picha ya mbele inaonyesha duara zima. Ikiingia njia ya hewa kwa kawaida inasimama kwa ubavu, unaona mstari tu.

Lakini umenikumbusha jambo ambalo kila mzazi humu alijue. Betri ndogo za mviringo, zile za rimoti, saa na midoli, kwenye eksirei zinafanana na sarafu. Ukiangalia kwa makini ukingo wa betri una duara mbili, moja ndani ya nyingine, na ukiipiga kwa ubavu unaona ngazi ndogo. Sarafu inaweza kusubiriwa. Betri iliyokwama kooni inaunguza nyama kwa umeme, na madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa 2. Hapo hatuendi nyumbani kulala tukasubiri mtoto ajisaidie. Mkimbize hospitali yenye daktari bingwa wa masikio, pua na koo, na mwambie mpokeaji neno "betri" kabla ya salamu.

Punje ya karanga au harage iliyoingia kwenye pafu haionekani kabisa kwenye eksirei. Mtoto akipaliwa, akaanza kukohoa, upande mmoja wa kifua unapiga miluzi, na picha ikatoka "kawaida", usitulie. Mwambie daktari alikuwa anakula karanga. Hilo ndilo litakalomfanya achungulie kwa kamera.

---

Mama Ibra

Alitoa mia yake siku iliyofuata, tukaiosha. Asante kaka, hilo la betri nalisambaza kwenye grupu la shule.

---

Kibonge wa Temeke

Hiyo mia iko wapi sasa mama Ibra? 😂

---

Mzee wa Mionzi

😂😂 Muacheni mama wa watu.

Kuna kitu watu hawakijui kuhusu CT, nacho ni namba. Kila nukta kwenye picha ya CT ina namba yake. Maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mafuta ni karibu hasi 100, mfupa unapanda mamia kwenda juu. Zinaitwa namba za Hounsfield, kwa heshima ya mhandisi Mwingereza, Godfrey Hounsfield, ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London Oktoba 1971. Alikuwa mwajiriwa wa EMI, kampuni ileile ya sahani za muziki. Tuzo ya Nobel ya 1979 aligawana na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kupiga hesabu zake akiwa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwafrika mwenzetu kwenye msingi wa CT, na sikuwahi kufundishwa hilo shuleni.

Namba hizo zina faida gani? Dada wa miaka 28 anakutwa na uvimbe kwenye figo. Kila mtu anafikiria saratani na kuitoa figo. Unaweka kishale cha kompyuta katikati ya uvimbe, inasoma hasi 80. Hayo ni mafuta. Uvimbe wa figo wenye mafuta ya namna hiyo ndani yake karibu kila mara si saratani, unafuatiliwa, na ukiwa mkubwa unashughulikiwa kwa sababu unaweza kuvuja damu.

Subiri, haijaisha. Figo ya pili ina vingine vidogo. Hapo msomaji mzuri anainua simu kumuuliza daktari aliyeleta fomu: huyu dada ana kifafa? Ndiyo, tangu mtoto, anatibiwa kliniki nyingine. Ana vipele usoni, kuzunguka pua? Ndiyo, anavipaka dawa ya chunusi miaka yote na haviishi. Piga CT ya kichwa: vinundu vya chokaa kwenye kuta za vyumba vya maji vya ubongo. Kifafa, chunusi na figo zilikuwa kwenye mafaili matatu, na kumbe ni ugonjwa mmoja wa kurithi unaompata mtoto mmoja kati ya takriban 6,000. Unaitwa tuberasi sklerosisi. Ukishapewa jina, mengi yanabadilika: dawa za kifafa zinachaguliwa upya, moyo na mapafu vinaangaliwa, familia inapewa ushauri wa uzazi.

Hiyo simu ya kuuliza ndiyo inayokosekana. Msomaji mmoja ana picha za jiji zima kwenye foleni, na daktari wa kliniki kaandika fomu akaenda kwa mgonjwa mwingine.

---

Kijana wa Kompyuta

Mkuu akili bandia itamaliza kazi hiyo. Inasoma maelfu ya picha kwa dakika.

---

Mzee wa Mionzi

Kwa kifua kikuu imeshaanza, na siwezi kubisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu za kompyuta zisome eksirei za kifua kuchuja kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Inafaa kwa sababu kuna mamilioni ya picha za kuifundishia. Kwa ugonjwa uliompata mtu mmoja kwa milioni, utaifundisha kwa picha zipi? Na ile programu nayo haijui mzee alikunywa maji ya Ngarenanyuki, mpaka mtu aiambie.

---

Dokta Mstaafu Kijijini

Kuna ugonjwa ambao picha inapaswa kumzuia daktari asiguse kabisa. Mtoto anatokwa na vivimbe mgongoni na shingoni, vinakuja vinakwenda, vinakuwa vigumu. Kila anayemwona anawaza saratani na kukata kipande cha nyama kupima. Kukata huko kunauamsha ugonjwa zaidi: misuli inageuka mfupa, kidogo kidogo, mpaka mtu anakuwa amefungwa ndani ya mifupa yake mwenyewe. Hata sindano ya msuli inaweza kuuchochea.

Alama imekaa mguuni tangu siku ya kuzaliwa. Kidole gumba cha mguu ni kifupi na kimepinda. Ukiiona hiyo pamoja na vivimbe vya mgongoni, piga eksirei ya mguu na uweke kisu chini. Inakadiriwa ni mtu mmoja kati ya milioni moja hadi mbili, na jini yenye hitilafu ilipatikana mwaka 2006. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61 na ushee, kwa hiyo kwa hesabu ya juu juu tunaweza kuwa nao kati ya thelathini na sitini nchi nzima. Wangapi wamewahi kutazamwa vidole vya miguu?

---

Mnyaki wa Mbagala

Wakuu nimesoma kimya kimya, sasa naomba msaada. Nina mjomba kaja kutoka Mbozi, miaka 40, kifafa kimemwanza ukubwani mwaka jana. Hajawahi kuanguka utotoni. Kapigwa CT ya kichwa hapa mjini, ripoti inasema "vidoa vyeupe vichache, huenda ni vya zamani", kapewa dawa ya kifafa basi. Ndugu wanasema ni mambo ya shamba aligombania. Na yeye ni mlokole, hali kitimoto, nasema mapema kwa sababu najua mtauliza.

---

Mzee wa Mionzi

Mkuu, pole sana kwa mjomba. Mimi si daktari wake na sitampa ugonjwa kwenye mtandao. Lakini Mbozi, kifafa cha ukubwani na vidoa vyeupe kichwani, hayo matatu lazima yakae kwenye karatasi moja mbele ya daktari wa mishipa ya fahamu.

Kuna minyoo ya nguruwe ambayo vifuko vyake huweza kukaa kwenye ubongo. Mbozi na Mbulu ni maeneo yanayojulikana. Na hapa watu wengi wanachanganya: kula kitimoto ambacho hakijaiva kunakupa mnyoo mrefu wa tumboni. Vifuko vya kichwani vinatokana na kumeza mayai ya mnyoo yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye huo mnyoo, kupitia maji, mboga au mikono. Kwa hiyo mlokole, Muislamu, asiyekula nyama kabisa, wote wanaweza kupata. Kutokula kitimoto hakukuondoi kwenye orodha.

CT inaona vizuri vile vilivyokufa na kuota chokaa, ndivyo vidoa vyeupe. Vilivyo hai vinaonekana vizuri zaidi kwenye MRI: kifuko cha maji chenye nukta ndani, na ile nukta ni kichwa cha mdudu. Tofauti hiyo ina maana kwenye dawa, kwa sababu kuua vifuko hai bila dawa ya kuzuia uvimbe wa ubongo kunaweza kumletea mtu balaa. Asipewe dawa za minyoo za duka la dawa kwa kubahatisha. Hilo nakusihi.

Andika hivi kwenye karatasi umpe daktari: "Mwanamume miaka 40, amekulia Mbozi, kijijini kuna nguruwe wanaozurura. Kifafa kilianza mwaka jana, hakuna historia ya utotoni wala kugongwa kichwa. CT ya tarehe fulani ilionyesha vidoa vyeupe. Naomba ipitiwe upya kwa kuzingatia vifuko vya minyoo ya nguruwe." Mwambie ayanakili maelezo hayo kwenye fomu ikiwa MRI itahitajika. Na umpeleke na CD ya ile CT.

---

Mnyaki wa Mbagala

Asante sana kaka. CD hatukupewa, tulipewa filamu na ripoti. Nina picha niliyoipiga na simu, niliibandika dirishani. Nikutumie WhatsApp?

---

Mzee wa Mionzi

Usinitumie, na usimpelekee daktari hiyo. Filamu ni vipande vichache vilivyochaguliwa, na mwanga wake umeshafungwa. Ukiipiga na simu dirishani unapata na mwembe wa jirani. Kwenye CD daktari anapata vipande vyote, anageuza mwanga anavyotaka, anasoma namba.

Rudini mlipopimwa, uende na mjomba mwenyewe au kitambulisho chake pamoja na namba ya faili. Omba wanakili picha zote, sio zile walizochapisha tu. Mashine nyingi zinatunza kwa muda halafu picha zinafutwa kupisha nyingine, kwa hiyo usingoje mwisho wa mwezi. Wakikwambia CD zimekwisha, nenda na flashi mpya isiyo na kitu ndani. Na uwahi asubuhi, mchana yule kijana wa kunakili anakuwa ameshaitwa kwenye mashine.